Kumjibu Aulizaye: Mwongozo wa Kuiishi na Kuitetea Imani ya Kikristo Mbele za Watu

Jumapili moja baada ya ibada, kijana wa kwaya alinifuata akiwa ameshika simu. Kwenye kundi la WhatsApp la kazini kwao mtu alikuwa ameuliza: "Yesu alisema wapi kwa kinywa chake, 'Mimi ni Mungu, niabuduni'?" Wakristo wa kundi lile walikuwa wameshajibu mara nyingi, na majibu mengine yalikuwa matusi matupu. Kijana akaniambia, "Mzee, nipe aya ya kumpiga nayo." Nikamwomba akae. Swali lilikuwa la kawaida, tumelisikia tangu enzi za mihadhara ya viwanjani, Waislamu na Wakristo wakibishana dini hadharani. Kilichonishtua ni hilo neno, kumpiga.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Dar es Salaam. Nilifanya kazi ofisi ya umma hadi nilipostaafu, na ukoo wetu nusu wanasali Ijumaa, nusu Jumapili. Ninayoyaandika hapa nimejifunza ofisini, msibani, barazani kwa majirani, na mara kadhaa kwa kukosea.

Mlango wa jambo hili ni 1 Petro 3:15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Petro aliwaandikia watu waliokuwa wakisingiziwa na kuteswa, na hata hivyo hakuwaambia washinde. Aliwaambia wajibu. Jibu huja baada ya swali, na mtu haulizi mpaka ameona kitu. Kwa hiyo naanza na kinachoonekana, ndipo swali, ndipo jibu. Ya viwanjani, siasa na sheria yatafuata.

Hatua ya kwanza: Kazi yako itangulie kinywa chako

Kila ofisi inamjua mlokole wake. Wanajua anaingia saa ngapi, wanajua kama mlinzi wa getini anasalimiwa, wanajua safari zake zilikuwa za siku ngapi na aliandika ngapi kwenye fomu. Mteja akisubiri dirishani nusu saa kwa sababu umejifungia kwenye maombi ya saa sita, ameshahubiriwa, na mahubiri hayo hutaweza kuyafuta. Sali wakati wa mapumziko yako.

Jambo lililonifungulia mazungumzo kuhusu Kristo kuliko jingine lolote kazini ni karatasi ya mahudhurio ya semina. Semina ilifanyika siku moja, posho ikaandikwa ya siku tatu. Karatasi ikazunguka, wenzangu wakasaini, ikafika mezani kwangu. Nilisaini siku moja. Nilipoitwa kueleza, nilijibu hivi: "Mkuu, ripoti nitaiandika usiku huu ukiihitaji, ila jina langu siwezi kuliweka kwenye siku ambazo sikuwepo." Jambo kama hilo likikufika, shika mambo matatu. Jisemee mwenyewe, usiwahukumu waliosaini. Usifungue Biblia pale pale. Halafu toa kitu mkononi, kazi au njia nyingine, ili kukataa kwako kusionekane ni uvivu uliovikwa kanzu. Ndivyo alivyofanya Danieli: hakumgombeza msimamizi kwa chakula cha mfalme, alimwomba awajaribu siku kumi (Danieli 1:12). Wizi ukiwa mkubwa, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ipo, na huko unakwenda na vielelezo, huendi na uvumi.

Nililipa gharama. Safari zangu zilipungua mwaka ule. Ni haki ulijue hilo kabla hujaanza. Lakini baada ya wiki kadhaa mwenzangu mmoja alinisubiri nje ya jengo akaniuliza, "Hivi wewe unaogopa nini hasa?" Hilo ndilo swali analolisema Petro.

Hatua ya pili: Sema unachokiamini kwa maneno ya nyumbani

Chukua nusu karatasi. Andika Yesu ni nani, amefanya nini, na kwa nini wewe unamwamini. Isizidi hapo. Kisha msomee mtu asiyekwenda kanisani, jirani au shemeji, umwambie akusimamishe kila anapokutana na neno asilolielewa. Utashangaa. "Upako", "utakaso", "kufunguliwa", "damu ya Yesu" hutoka midomoni mwetu kama salamu, na mwenzako hashiki hata moja. Andika tena mpaka asikusimamishe.

Kiini usikibuni. Paulo amekiandika katika 1 Wakorintho 15:3-8: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akaonekana na watu wanaotajwa. Barua hiyo iliandikwa miaka ya 50, yaani kama miaka ishirini na kitu baada ya kusulubiwa, na Paulo anasema wengi wa mashahidi mia tano walikuwa hai bado. Ni kama kumwambia msomaji, nenda ukawaulize. Nje ya Biblia pia yuko Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato. Mambo haya yajue vizuri. Mengine yote yanasimama juu yake.

Hatua ya tatu: Mjue aliyeuliza

"Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake" (Mithali 18:13). Kabla ya kujibu lolote, rudia swali la mwenzako kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndiyo, hilo hasa." Kisha muulize limemjia vipi. Mara nyingi swali lililovaa nguo za elimu lina jeraha ndani. Mama aliyezika mtoto akikuuliza Mungu alikuwa wapi, usimfungulie kitabu cha Ayubu. Kaa naye jamvini, osha vyombo, rudi siku ya arobaini ambapo wengi wameshaondoka.

Mwingine anatega tu, na watu wanaosikiliza anawahitaji kuliko jibu. Huyo mwambie kwa upole kwamba utafurahi mzungumze wawili. Akikataa, umeshajua alichokuwa akitafuta, na hudaiwi kitu.

Hatua ya nne: Maswali yatakayokufikia hapa kwetu

Nimeyachagua manne, na hapa sitaharakisha.

La kwanza ni lile la yule kijana, Yesu alisema wapi kwamba yeye ni Mungu. Anza na ukweli: kwa maneno hayo hasa, hayapo. Ukilikwepa hilo, mwenzako ataacha kukusikiliza, na atakuwa na haki. Kisha mwonyeshe Yesu alivyojidhihirisha mbele ya Wayahudi walioelewa vizuri sana alichokuwa akisema. Katika Marko 2 anamsamehe dhambi mwenye kupooza, na waandishi wanaguna: ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu? Katika Marko 14:61-64 kuhani mkuu anamuuliza kama yeye ndiye Kristo, Mwana wake Mtukufu, naye anajibu, "Mimi ndiye", na kuhani anararua mavazi yake. Katika Yohana 20:28 Tomaso anamwita Bwana wangu na Mungu wangu, na Yesu hamkemei. Soma vifungu hivyo pamoja na mwenzako, yeye akiwa ameshika kitabu. Muulize anaona nini. Usimsomee kwa sauti ya mnadani.

La pili ni Utatu. Nakusihi uache mfano wa yai, na ule wa maji, barafu na mvuke. Yai lina sehemu tatu, na Mungu hana sehemu. Maji yakiwa barafu si mvuke, ilhali Yesu alipobatizwa Yordani Baba alinena na Roho akashuka wakati ule ule. Mifano hiyo inafundisha kitu ambacho Kanisa lilikikataa zamani, na mwulizaji makini ataipangua kwa dakika moja. Sema hivi: tunaamini Mungu mmoja, kama ilivyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati 6:4. Neno Utatu halimo katika Biblia. Waliomwabudu Mungu huyo mmoja walikutana naye katika Yesu, kisha katika Roho, na Kanisa likatafuta maneno ya kulisema jambo hilo bila kulivunja, kwa namna ya pekee katika mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325. Tunaposema Mwana, hatusemi Mungu alioa akazaa. Jirani yako Mwislamu hilo linamchukiza, nasi pia linatuchukiza. Mwambie hivyo waziwazi, utaona uso wake unavyobadilika.

La tatu ni kwamba Biblia imebadilishwa. Hapa muulize yeye, kwa heshima: na nani, lini, mahali gani? Kisha mwelezee Qumran. Mwaka 1947 wachungaji wa mifugo wa Kibedui walianza kuziona hati za kale kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, na kati yake gombo zima la Isaya lililoandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo. Lililinganishwa na nakala za Kiebrania za zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Tofauti zipo, nyingi za tahajia na maneno, lakini Isaya ni yule yule. Na usifiche upande wa pili. Marko 16:9-20 na habari ya mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, ya Yohana 8, hazimo katika baadhi ya nakala za kale kabisa, na Biblia nyingi za siku hizi huweka alama mahali hapo. Sisi wenyewe tumelichapa jambo hilo ukurasani, mbele ya macho ya kila msomaji. Mwulizaji akilisikia kutoka kwako kwanza, hatalitumia kama kisu baadaye.

La nne halitoki kwa Waislamu. Linatoka kwa watoto wetu, na ndilo linalouma kuliko yote: vipi kuhusu wachungaji wanaouza maji na mafuta? Vipi kuhusu Shakahola? Mwaka 2023 kwenye msitu huo wa Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mwaka 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kugombea mafuta ya upako. Rwanda mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na baadhi ya waliobatizwa ndio waliokuwa wauaji. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa maandishi mwaka 2016.

Usitetee kisichoteteka. Usiseme "hao hawakuwa Wakristo kweli" ukadhani umemaliza. Mwambie kijana, "Hili limetutia aibu, na ni kosa." Kisha mwonyeshe kwamba Yesu mwenyewe alipindua meza za wabadili fedha, na kwamba hasira yake kijana yule inafanana na hasira hiyo kuliko anavyodhani. Na kama kanisani kwako kuna mambo ya namna hiyo, yaulize kwenye mkutano mkuu wa usharika. Kuitetea imani ni pamoja na kudai taarifa ya mapato na matumizi.

Hatua ya tano: Kilicho kitakatifu kwa mwenzako usikiguse kwa mkono mchafu

Oktoba 2012, Mbagala, ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia kwa mmoja kuikojolea. Makanisa yalichomwa moto. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya buchani ulimuua mchungaji. Waliokuwapo miaka ile hawajasahau jinsi tulivyokuwa tukiangaliana kwenye daladala.

Nenda Matendo 19. Efeso mji mzima umevurugika, na anayewatetea wafuasi wa Kristo ni karani wa mji, mpagani. Hoja yake ni moja: watu hawa hawakuiba vitu vya hekalu, wala hawakumtukana mungu wetu mke. Paulo alikuwa amehubiri Efeso zaidi ya miaka miwili akisema wazi kwamba miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu, na bado karani aliweza kushuhudia kwamba hakutukana. Jipime hapo. Je, karani wa mtaa wenu angeweza kukutolea ushuhuda huo?

Basi usihubiri Kurani ili uidhihaki. Ukiwa na harusi, mwite Mwislamu achinje, ili mjomba na majirani wote wale bila wasiwasi. Paulo ameeleza katika 1 Wakorintho 8 kwamba chakula hakitupunguzii kitu mbele za Mungu. Ramadhani ukiwa Unguja, usile barabarani. Ukialikwa kufungua kikao cha watu mchanganyiko kwa sala, sali kwa ufupi na kwa jina la Yesu kama ulivyozoea, na upendekeze Mwislamu aombe naye kwa dua yake. Hakuna anayekutaka uifiche imani yako. Kisheria pia, kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya kosa kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu, na kinakulinda wewe kama kinavyomlinda yeye.

Hatua ya sita: Kwenye simu

Kwenye kundi la kazi au la ukoo, jibu mara moja, kwa kifupi, kisha mpigie aliyeuliza. Usisambaze video ya "aliyekufa akaona kuzimu" wala habari ya Wakristo kuuawa nchi fulani kabla hujathibitisha ilitoka wapi na lini. Ikiwa ya uongo, umeshuhudia uongo kwa jina la Kristo. Ukikasirika, iache simu mpaka asubuhi. Sina zaidi ya kusema hapo.

Hatua ya saba: Mkutano wa injili

Andika barua serikali ya mtaa mapema, na taarifa kwa polisi isipungue saa 48 kabla. Mteue mtu mmoja, mwenye mamlaka juu ya fundi mitambo, ambaye kazi yake pekee ni kutembea hadi nyumba ya mbali kuliko zote na kusikiliza spika zinavyofika huko. Akisema punguza, mnapunguza. NEMC, baraza la mazingira la taifa, hupokea malalamiko ya kelele za makanisa kama yale ya baa, na ni aibu kuwekwa kapu moja. Kama kuna mgonjwa au msiba jirani, ahirisheni.

Hatua ya nane: Siasa na sera

Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, inasema nchi hii haina dini. Ya Kenya, ibara ya 8, inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Wapo Wakristo wanaosikia hapo amri ya kunyamaza, na wapo wanaotaka mimbari iwe jukwaa la mgombea. Wote nawaona wamekosea. Mimbari haipigi kampeni. Hata hivyo Mkristo ni raia, na raia anasema.

Askofu David Gitari wa Kanisa la Anglikana Kenya alikuwa mwalimu mzuri wa jambo hili. Mwaka 1987, serikali ikibana sauti za raia, alihubiri Danieli sura ya 6, jinsi sheria ilivyotungwa ili kumnasa mtu mmoja mwaminifu. Alifafanua andiko, mstari kwa mstari, na taifa zima likasikia. Mwaka 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku, akanusurika. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji, na Februari 1977 Luwum akauawa. Wote wawili walisimama upande wa watu waliokuwa wakionewa, hata wasiokuwa wa kanisa lao. Angalia hilo unapopima matamko ya siku hizi: je, kanisa linadai haki ya kila mtu au nafasi yake lenyewe?

Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, alizitaifisha shule za makanisa ili mtoto wa Kiislamu naye asome. Wakati ule wapo waumini waliomlaumu. Mimi nilikaa dawati moja na watoto wa Kiislamu, na sijawahi kuona kwamba kanisa lilipungukiwa.

Kwa vitendo: ukitaka kupinga sera, toa hoja ambayo asiye Mkristo anaweza kuipima. Ukisema kamari inafilisi vijana wa mtaa huu, hesabu vibanda, taja yaliyowapata, ndipo useme pia kwamba imani yako inakusukuma. Andika kwa diwani. Hudhuria mkutano wa mtaa. Na uwe tayari kushindwa kura: Agosti 2010 viongozi wengi wa makanisa Kenya walipinga katiba mpya kwa sababu ya vifungu vya utoaji mimba na mahakama za Kadhi, wananchi wakaipitisha kwa takriban asilimia 67, na Wakristo wakaendelea kuishi chini yake na kuitumia.

Hatua ya tisa: Unapoonewa

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kuamini, kuabudu, kueneza dini na hata kubadili dini. Ya Kenya ni ibara ya 32. Paulo alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11), basi usione haya kutumia sheria. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo. Anza na barua ya heshima kwa aliyekukosea, kisha aliye juu yake, na utunze nakala. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mwaka 2017 ile ya Kenya iliwapa haki wanafunzi Wasabato kuhusu siku yao ya ibada. Kanisa langu haliafikiani na Mashahidi katika mambo mazito. Hata hivyo uamuzi ule umewalinda watoto wetu pia.

Na kabla ya kusema umeteswa, hakikisha hukuadhibiwa kwa kuchelewa kazini.

Yule kijana wa kwaya hakuandika chochote kwenye kundi. Alimpigia aliyeuliza, ambaye ni fundi umeme wa kampuni yao, wakakubaliana kunywa chai siku ya Alhamisi. Aliniambia walisoma Marko 2 pamoja kwenye simu moja, na yule fundi aliuliza jambo ambalo kijana hakulijua, akakiri hajui. Nimempa nusu karatasi ya hatua ya pili aijaze kabla ya Alhamisi nyingine. Ameshaifuta mara tatu.